Chaja ya Zamani ya Betri ya Gari Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chaja ninayotumia niliachiwa na marehemu baba: boksi la chuma lenye mpini juu, mshale wa ampea mbele, na waya mbili nene, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Hadi leo inachaji vizuri. Ndugu na majirani wanalijua hilo, hivyo huniletea betri zao, na wengine hutoa stoo chaja zao wenyewe na kuja nazo wakiuliza. Maswali hayabadiliki sana. Haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ninayotoa.

Chaja ya zamani ni ipi hasa?

Ni ile yenye transfoma (inayoshusha volti za ukutani) na dayodi (zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu) peke yake, bila saketi ya kielektroniki ya kuisimamia. Ni nzito kwa umbo lake, inavuma ikiwashwa, ina mshale badala ya taa za rangi, na mara nyingi ina swichi ya kuchagua volti 6 au 12. Chaja ya kisasa ni nyepesi, ya plastiki, na hujipunguza yenyewe betri ikikaribia kujaa.

Ukibaki na shaka, pima klipu zake kwa mita zikiwa hazijashika betri na hazigusani. Ya zamani itaonyesha volti papo hapo. Nyingi za kisasa hazitoi kitu mpaka zihisi kwamba kuna betri.

Imekaa stoo miaka mingi. Naweza kuichomeka tu?

Usiichomeke. Anza na waya wa umeme wa ukutani ukiwa nje ya soketi. Ukunje taratibu kuanzia kwenye plagi hadi unapoingia kwenye boksi. Mpira wa zamani hukauka ukawa kama ganda, na ukiukunja unapasuka na kuacha shaba wazi. Waya wa namna hiyo haufungwi selotepu, unabadilishwa wote.

Kisha angalia ethi. Boksi la chuma lazima liunganishwe na waya wa ethi, maana siku waya wa moto utakapogusa bodi kwa ndani, ethi ndiyo itakayokata fyuzi kabla mkono wako haujaugusa umeme. Chaja nyingi za zamani zilitoka na waya mbili tu. Mpe fundi umeme akuwekee waya wenye nyuzi tatu, na ya tatu aifunge imara kwenye bodi.

Fungua mfuniko, plagi ikiwa nje, utazame ndani. Toa vumbi, utando wa buibui na viota vya mende. Tafuta waya uliotafunwa na panya, mahali palipoungua, na skrubu zilizolegea. Ukikuta safu ya vibamba vya chuma vilivyopangwa kama mapezi, hiyo ni rektifaya ya seleniamu, iliyotumika kabla dayodi za silikoni hazijaenea miaka ya 1960. Ikiharibika hutoa harufu mbaya sana na moshi wenye sumu. Mimi ningeiondoa na kuweka dayodi za silikoni hata kama bado inafanya kazi, na ningemwachia fundi wa elektroniki kazi hiyo, kwa sababu volti za kutoka hupanda kidogo baada ya mabadiliko hayo na zinahitaji kupimwa upya.

Kuna kipimo kimoja nisichokiruka kamwe. Weka mita kwenye ukinzani, plagi ikiwa nje ya soketi na swichi ya chaja ikiwa imewashwa, kisha pima kati ya kila pini ya plagi na kila klipu. Pasiwe na njia yoyote ya umeme. Ikiwepo, transfoma imevuja au haipo kabisa. Nimeona chaja za kujitengenezea ambazo ndani zina balbu na dayodi tu, zikichukua umeme wa ukutani moja kwa moja. Kitu hicho kinachaji betri kweli, lakini klipu zake na betri yenyewe vinaua anayevigusa. Chaja ya aina hiyo usiitengeneze, iharibu ili asije mwingine akaitumia.

Plagi inaingia kwenye soketi. Si inatosha?

Haitoshi. Soma kibati chake nyuma. Chaja iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120 ikichomekwa kwenye volti 220 hadi 240 itaungua transfoma kwa muda mfupi. Nyingine zina swichi ndogo au vipande vya kuhamisha waya kwa ajili ya volti hizo mbili, na huwezi kujua aliyekutangulia aliviacha wapi.

Na swichi ya 6 na 12 iangaliwe kila safari. Ukichaji betri ya 12 kwenye 6, haitaingia kitu. Ukichaji betri ya 6 kwenye 12, utaichemsha.

Kwa nini nisiiache ichaji usiku kucha?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alielewe, hata kama hatasoma jingine.

Betri ya gari ya volti 12 ina chemba 6, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Ndani kuna pleti za risasi na tindikali ya salfuriki. Muundo huo haujabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoubuni mwaka 1859. Betri inapotumika, pleti hufunikwa na salfeti ya risasi na tindikali inakuwa nyepesi. Unapochaji, salfeti inarudi kuwa risasi na oksidi yake, na tindikali inapata nguvu tena. Kazi hiyo inakwenda vizuri hadi betri ikaribie kujaa.

Pale inapokaribia kujaa, volti zikipita kama 14.4, pleti hazina tena nafasi ya kupokea. Lakini umeme bado unasukumwa ndani, basi unaanza kupasua maji kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Chaja ya kisasa ikifika hapo inashusha volti na kubaki inadokoa. Ya zamani haina habari. Haijui betri imejaa. Itaendelea kusukuma hadi volti 16 na zaidi, saa baada ya saa. Maji yanapungua, pleti zinabaki wazi na kuharibika, unga wa risasi unadondoka chini ya chemba, betri inapata joto, na chumba kinajaa gesi.

Haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na huendelea kuweza kuwaka hadi asilimia 75. Haina rangi wala harufu. Cheche ya kung'oa klipu inatosha. Betri ikilipuka inarusha vipande vya plastiki na tindikali usoni mwa aliyeinama juu yake.

Niliwahi kuiacha mara moja. Ilikuwa betri ya ndugu yangu, nikaiweka chumba cha pembeni saa 3 usiku nikisema nitaamka kuizima. Niliamka alfajiri. Betri ilikuwa ya moto, ubavu umevimba, na hewa inakereketa kooni. Ukuta mmoja ulitutenganisha na chumba wanakolala watoto. Tangu siku ile sichaji nikiwa nimelala, na sichaji ndani ya nyumba.

Basi nichajie wapi?

Barazani, chini ya paa, au gereji yenye mlango wazi. Pasinyeshewe mvua, pasiwe na jiko, mshumaa, sigara wala jokofu linalojiwasha karibu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, inapanda, kwa hiyo chumba chenye dari iliyozibwa ni kibaya hata kama mlango umefunguliwa kidogo. Chaja yenyewe iwe mbali na betri kadiri nyaya zinavyoruhusu, na isikae juu ya betri hata kidogo. Watoto wakae mbali.

Betri gani naweza kuchaji nayo?

Betri ya risasi yenye vifuniko vya kuongezea maji ndiyo rafiki yake. Ile iliyozibwa ya kawaida unaweza, ukiwa na mita mkononi na ukazima volti zikifika 14.4, maana maji yakipotea huwezi kuyarudisha.

Betri ya jeli na ile ya AGM, ambayo tindikali yake imenyonywa kwenye vitambaa vya nyuzi za kioo, zipelekwe kwenye chaja yenye mpangilio wake. Jeli hasa haisamehe: ikizidishiwa, mapovu hubaki ndani ya jeli na nafasi hizo hazirudi tena.

Lithiamu, hapana. Iwe ya gari, ya sola, ya baiskeli ya umeme au ya simu. Inaweza kushika moto.

Na betri iliyoganda kwa baridi isichajiwe mpaka iyeyuke yote. Betri tupu huganda mapema kuliko iliyojaa, kwa sababu tindikali yake imekuwa karibu na maji matupu.

Ni lazima niitoe kwenye gari?

Gari la zamani lisilo na kompyuta, si lazima. Gari la sasa, ningeitoa, au angalau ningefungua waya zote mbili za betri, hasi kwanza. Umeme wa chaja hizi si laini, unapanda na kushuka mara 100 au 120 kwa sekunde, na volti zake za mwisho ni kubwa kuliko zile ambazo alteneta ya gari ingeruhusu. Kompyuta ya injini na redio havikutengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Kabla hujafungua, hakikisha una namba ya siri ya redio kama gari lako linaidai.

Nianze na klipu ipi?

Swichi ya ukutani imezimwa na plagi iko nje. Nyekundu kwenye kichwa chanya (+). Kisha nyeusi: kama betri iko nje ya gari, kwenye kichwa hasi (–), kama imebaki garini ikiwa bado imefungwa, kwenye chuma cha injini au chesisi, mbali na betri na mbali na mabomba ya mafuta. Tikisa klipu zote mbili uone kama zimeuma vizuri. Hapo ndipo unachomeka plagi na kuwasha.

Kumaliza ni kinyume chake: zima, toa plagi, subiri dakika kadhaa gesi itawanyike, toa nyeusi, toa nyekundu. Sababu ya mpangilio huu ni moja, kwamba cheche isitokee juu ya betri. Wengi wanakosea wakati wa kutoa, kwa haraka, wananyofoa klipu chaja ikiwa bado inavuma. Na huo ndio wakati betri imejaa gesi.

Vua pete, saa ya chuma na bangili. Spana ikiangukia vichwa vyote viwili inakuwa nyekundu kwa moto kwa sekunde chache, na pete kidoleni ni hivyo hivyo. Vaa miwani ya kukinga macho.

Nimegeuza klipu, nyekundu nimeweka kwenye hasi. Nimeharibu nini?

Labda fyuzi tu, labda dayodi pia, hata kama ulikuwa hujawasha. Chaja nyingi za zamani hazina kinga: ukigeuza, betri yenyewe inatiririsha umeme kupitia dayodi na kuziunguza, hata plagi ikiwa nje. Toa klipu haraka bila kuinamia betri, badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampea zile zile, kisha upime. Fyuzi ikikatika tena, dayodi imekufa.

Fyuzi isizibwe kwa waya wala msumari. Kuna watu wanafanya hivyo, na kisha transfoma ndiyo inayogeuka kuwa fyuzi.

Niweke ampea ngapi, na kwa muda gani?

Kanuni ya mafundi ni asilimia 10 ya uwezo wa betri. Betri iliyoandikwa 60 Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa, kipimo cha uwezo huo), ampea 6. Ya 100 Ah, ampea 10. Ukiwa na chaja ya ampea 4 tu, ni sawa, itachukua muda mrefu zaidi na betri haitalalamika. Polepole ni bora kuliko haraka.

Muda unaupata kwa kujua kilichopungua. Iache betri ipumzike saa kadhaa bila kutumika, kisha pima volti zake. Karibu 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki kama robo. Chini ya 11.8, hesabu kwamba haina kitu.

Tuseme ni ya 60 Ah na mita inasoma 12.2. Imepungua 30 Ah. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya upotevu, inakuwa 36 Ah. Kwa ampea 6 ni muda wa saa 6. Lakini mshale hautabaki kwenye 6, utashuka kadiri betri inavyojaa, kwa hiyo tarajia saa 8 hivi. Hesabu hii inakupa wakati wa kuanza kuchungulia mara kwa mara. Kuzima kunaamuliwa na betri yenyewe.

Nitajuaje imejaa?

Mshale wa ampea unakupa dalili ya kwanza. Unaanza juu, unashuka haraka saa ya kwanza, kisha polepole. Ukiona umekaa mahali pamoja, chini kabisa, kwa saa nzima bila kusogea, umekaribia. Usingoje ufike sifuri. Kwenye chaja hizi haufiki.

Mita ni bora zaidi. Pima kwenye vichwa vya betri chaja ikiwa inafanya kazi. Ikifika volti 14.4, zima. Kwa betri yenye vifuniko unaweza kuiacha ichemke kidogo kwa saa moja zaidi, ukiwa hapo hapo, ili tindikali iliyotulia chini ichanganyike na ya juu.

Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hidromita, kile kichupa cha kioo chenye boya ndani na mpira wa kunyonyea. Kinapima uzito wa tindikali katika kila chemba. Iliyojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, iliyoisha hushuka hadi karibu 1.120. Masomo ya chemba zote yasipopanda tena kwa vipimo vitatu vya saa moja moja, betri imepokea yote inayoweza kupokea. Hidromita pia inafichua kitu ambacho mita haikionyeshi vizuri: chemba moja mbovu katikati ya tano nzima. Ikiwa moja imebaki chini sana wakati wenzake wamepanda, hakuna chaja itakayoiponya betri hiyo.

Gusa ubavu wa betri kila unapopita. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuweka kiganja kwa raha, zima na uiache ipoe.

Chaja inajizima na kujiwasha yenyewe, inafanya "tik". Mbovu?

Huenda ni kinga ya joto ndani yake, inakata ikizidiwa na kurudi ikipoa. Betri tupu kabisa huvuta ampea nyingi mwanzoni na kusababisha hivyo. Shusha kwenye mpangilio wa chini. Ikiendelea hata kwa betri nzuri, klipu zimegusana, betri ina chemba iliyoshoti, au chaja inahitaji fundi.

Niongeze "maji ya betri" kabla au baada ya kuchaji?

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jina, kwa sababu limeharibu betri nyingi. Kuna wanaosema "maji ya betri" wakimaanisha tindikali, na wengine maji safi yaliyokenekwa. Betri inayotumika inapoteza maji, haipotezi tindikali. Kwa hiyo unaongeza maji yaliyokenekwa peke yake. Ukiongeza tindikali kila kiwango kinaposhuka, unaikoleza hadi inakula pleti. Maji ya bomba au kisima yana chumvi na madini yanayodhoofisha betri.

Jibu sasa: kama pleti ziko wazi, ongeza kidogo tu zifunikwe, kisha chaji. Kama zimefunikwa, chaji kwanza, halafu ongeza hadi alama. Kiwango hupanda wakati wa kuchaji, na aliyejaza mpaka juu kabla ya kuanza atakuta tindikali imemwagika sakafuni.

Vifuniko vyenye vitundu vya kupumulia viache mahali pake, ila hakikisha vitundu havijaziba.

Chaja yangu ya kisasa imeikataa betri, inasema mbovu. Ya zamani inaweza kuifufua?

Mara nyingine ndiyo, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuitunza chaja ya baba. Chaja nyingi za kisasa zikiona betri iko chini ya volti fulani hazianzi kabisa. Ya zamani haiulizi. Inasukuma.

Weka ampea 2 au mpangilio wa chini kabisa uliopo. Mwanzoni mshale unaweza usisogee hata kidogo, kwa sababu salfeti iliyokomaa kwenye pleti haipitishi umeme vizuri. Subiri saa moja au mbili ukiangalia volti. Zikianza kupanda na mshale ukaamka, kuna matumaini. Zikifika kama 12 ukiwa unachaji, unaweza kuihamishia kwenye chaja ya kisasa ikamalizie kwa usalama.

Ikigoma kwenye 10.5 au chini yake baada ya saa nyingi, huku inapata joto, chemba moja imeshoti. Acha. Usiipandishie ampea kwa hasira. Na hata ikifufuka, betri iliyokaa tupu kwa miezi imepoteza sehemu ya uwezo wake. Mwambie mwenyewe ukweli huo asije akaitegemea safarini.

Naweza kuchaji betri ya pikipiki?

Betri hizo ni ndogo sana, nyingi kati ya 4 na 10 Ah, na chaja ya ampea 6 itaichemsha. Njia ninayotumia ni kupitisha waya mwekundu kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21, kabla haujafika kwenye betri. Balbu inazuia umeme usizidi takriban ampea 2 hata mambo yakiharibika, na kwa kawaida unapita chini ya hapo. Betri ikiwa tupu balbu inang'aa kidogo, inafifia kadiri inavyojaa. Bado mita inahitajika, na ukikuta betri ya zamani ya pikipiki imeandikwa volti 6, heshimu maandishi hayo.

Chaja ina sehemu ya kuwashia gari. Niitumie?

Kwa sekunde chache, injini inapozungushwa tu, na kwa gari lisilo na kompyuta. Mpangilio huo unatoa ampea nyingi mno kwa kuchajia. Kwa gari la kisasa, dakika 20 au 30 za kuchaji kawaida zinaweza kutosha kuliwasha.

Nitumie chaja badala ya betri, niwashie redio au taa?

Redio, hapana. Bila betri ya kulainisha, volti za kilele zinaweza kupita 17, na umeme unaopigapiga utasikika kama mngurumo kabla haujaiua. Balbu ya kawaida ya gari itawaka, ila maisha yake yatakuwa mafupi. Taa za LED zenye saketi ndani usizijaribu.

Nimesikia inatoa kutu kwenye vyuma. Ni kweli?

Kweli kabisa, na chaja za zamani ndizo zinazofaa, kwa sababu nyingi za kisasa hazitoi umeme bila kuhisi betri. Ndoo ya plastiki, maji, na soda ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 au 5. Chuma chenye kutu kifungwe kwenye klipu nyeusi. Kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji kifungwe kwenye nyekundu. Vyote viwili majini bila kugusana, klipu zenyewe juu ya maji. Ukigeuza klipu, chuma chako kizuri ndicho kitakacholiwa.

Fanyia nje, kwa sababu hapa pia inatoka haidrojeni. Angalia mshale, ukizidi uwezo wa chaja, sogeza vyuma mbali zaidi. Zima na utoe plagi kabla ya kutia mkono.

Usiweke chumvi ya mezani, inatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma cha pua upande wa nyekundu, maana kinaachia kromiamu ya aina yenye sumu inayosababisha saratani, na maji hayo huwezi kuyamwaga popote. Aluminiamu usiitie, italiwa na soda. Na springi, boliti ngumu, vyuma vya breki au usukani usivisafishe hivi: haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla.

Kuna harufu ya mayai viza. Nifanye nini?

Zima umeme kwenye soketi au kwenye swichi kuu, fungua milango, toeni watu. Usiguse klipu. Hiyo ni salfidi ya haidrojeni, gesi ya sumu, na ina tabia ya kuua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu ikipotea usidhani imeisha. Betri iliyofika hapo haichajiwi tena.

Tindikali imenirukia.

Maji, mengi, sasa hivi. Ngozi iachwe chini ya maji yanayotiririka, nguo zilizolowa zivuliwe. Machoni, osha kwa dakika 15 na zaidi kope zikiwa wazi, kisha hospitali moja kwa moja hata kama maumivu yamepungua. Iliyomwagika sakafuni imwagie magadi soda mpaka mapovu yakome, ndipo usafishe. Magadi yasiingie ndani ya betri.

Naweza kuiendesha kwa jenereta au inveta?

Jenereta nzuri, ndiyo. Inveta isiyotoa mawimbi laini hupasha moto transfoma na kuongeza mvumo. Nimejaribu, nikaacha. Waya wa kurefushia uwe mnene na umekunjuliwa wote.

Nifanye nini ili iwe salama zaidi bila kununua nyingine?

Soketi yenye saa ya kukata umeme ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Piga hesabu ya muda, punguza saa moja, ipange ikate hapo. Haijui betri imejaa, lakini angalau ina mwisho. Ongeza fyuzi kwenye waya mwekundu karibu na klipu kama haipo. Safisha meno ya klipu, maana kutu hapo ndiyo chanzo cha cheche na joto. Na rangi za nyaya zikiwa zimefifia kiasi cha kuleta ubishi, pima kwa mita, kisha ufunge selotepu nyekundu kwenye chanya ili atakayekuja baada yako asikisie.

Imekufa. Itengenezwe?

Kama haivumi kabisa, anza na fyuzi, swichi na waya wa plagi. Kama inavuma lakini haitoi volti, dayodi ndizo zinazoshukiwa kwanza, na hizo hubadilishwa kwa urahisi. Hakikisha mpya zina uwezo unaozidi ampea za chaja na zimefungwa kwenye kibamba cha kupoozea. Kama transfoma inanuka kuungua, vanishi imeyeyuka, au kile kipimo cha kati ya plagi na klipu kimeonyesha njia, usiitengeneze. Kata waya wa plagi karibu kabisa na boksi, kisha ndipo uiweke kando.